SOMO LA FAMILIA: Safari ya Kwenda Nyumbani ni Darasa la Mtoto



Shule zinapofungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, swali moja huzunguka katika nyumba nyingi za mjini: "Mwaka huu tutaenda nyumbani ama hatuendi?" Baba anahesabu nauli. Mama anahesabu zawadi za wazee na karo ya Januari. Watoto wanangoja jibu. Mara nyingi jibu huwa ni, "Tutaona." Ikifika tarehe 20 Desemba nauli imeshapanda, na jibu limekuwa, "Mwaka ujao."

Somo la leo linahusu safari hiyo. Shabaha zake ni tatu:
- kukumbuka safari tulizofanya na wazazi wetu tukiwa wadogo, na kuona zilitufundisha nini;
- kutambua mambo yanayowazuia watoto wetu wasipate kumbukumbu kama hizo;
- kupanga, kila familia kwa uwezo wake, safari moja ambayo mtoto hataisahau.

Kikundi chaweza kulisoma somo hili kwa mikutano miwili. Soma sehemu ya 1 hadi ya 3 katika mkutano wa kwanza, na zilizobaki katika wa pili.

1. Desturi hii ilitoka wapi?

Katika nchi nyingine, ukisema "likizo ya familia" watu hufikiria hoteli ya ufukoni ama mbuga ya wanyama. Kwa Wakenya wengi walioajiriwa mjini, likizo ilikuwa kitu kimoja tu: kupanda basi ama gari la moshi kwenda nyumbani. Wazee waliita "rizavu". Vijana wanaita "ushago".

Jambo hili lina historia yake. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na mji ukaanza kukua. Lakini wakati wa ukoloni mji ule haukujengwa kwa ajili ya familia za Waafrika. Mwafrika alihesabiwa kama mgeni wa muda, mtu wa kufanya kazi halafu arudi kwao. Kuanzia miaka ya 1920 wanaume walilazimishwa kubeba kipande, na makao mengi waliyopewa yalikuwa vyumba vya wanaume peke yao. Mke na watoto walibaki shambani. Mtu mmoja akawa na chumba mjini na boma mashambani, na kati yake kuna barabara.

Baada ya Uhuru mwaka wa 1963, wake na watoto walikuja mjini kwa wingi. Hapo safari ikabadilika. Zamani baba alikuwa akisafiri peke yake kuwafuata watoto. Sasa akawa anawachukua watoto mjini kuwapeleka kwa wazee. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka wa 1980 ni watoto wa safari hiyo.

2. Mfano: Barabara ya kwenda Busia

Acha nitoe mfano wa familia yetu, halafu kila mmoja atafikiria wa kwao. Baba alikuwa fundi Nairobi, na sisi tulikaa Jericho, watoto sita. Nyumbani ni upande wa Butula, Busia. Tulikuwa tukienda mara moja kwa mwaka, mwezi wa Desemba, safari ya kilomita kama 450.

Mama alianza kununua vitu mapema: sukari, majani ya chai, chumvi, sabuni ya mche na mikate. Wakati huo mkate kutoka Nairobi ulikuwa zawadi kubwa kijijini. Usiku wa kuamkia safari hakuna aliyelala vizuri. Alfajiri tulikuwa stendi ya Machakos, baba akipigania nafasi na makanga akipandisha magodoro kwenye keria. Tulikaa watoto watatu katika kiti cha watu wawili, na mdogo wetu mapajani mwa mama.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi akiwa nyumbani. Alirudi kazini amechoka, akala, akalala. Lakini basi likishapita Limuru alikuwa mtu mwingine. Aliuliza maswali. "Mlima ule unaitwaje?" Longonot. "Ziwa lile?" Naivasha. Magari yaliyopita barabara ya chini ya Mai Mahiu yalipitia karibu na kanisa dogo sana, na baba alitueleza kwamba lilijengwa mwaka wa 1942 na wafungwa wa vita Waitaliano, wale walioichonga barabara ile kwenye mteremko wa Bonde la Ufa. Tukifika Nakuru alitununulia mahindi ya kuchoma, akatuonyesha upande wa ziwa lenye heroe.

Baada ya Nakuru barabara hupanda kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, kisha hushuka Kericho kwenye majani chai. Pale baridi ilituuma, na mama akatufunika kwa leso. Saa chache baadaye tulikuwa Ahero kwenye mashamba ya mpunga, jasho linatutoka. Baba alisema, "Mmeona? Ni nchi moja, na hamjashuka ndani ya basi." Kutoka Kisumu tulingoja kibao cha ikweta pale Maseno. Aliyekiona kwanza alipewa yai. Luanda, Yala, Ugunja, daraja la mto Nzoia, halafu Bumala. Tuliposhuka, vijana wa baiskeli walitubebea mizigo. Ndizo zile boda boda zenyewe, ambazo zilianzia huko kwetu mpakani kabla ya kuenea nchi nzima na kuwa pikipiki.

Njiani ndipo baba alipotueleza habari za babu, jinsi alivyopanda gari la moshi Butere akiwa kijana kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya wazungu karibu na Nakuru, na jinsi alivyorudi baada ya miaka minne na baiskeli moja na kikohozi. Hadithi hiyo hatukuwahi kuisikia Jericho.

Mwaka mmoja basi letu liliharibika karibu na Londiani, mvua inanyesha. Tulikaa hapo mpaka jioni. Mama mmoja Mkipsigis, ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, alileta birika ya chai ya maziwa, na vikombe vitatu vikazunguka kwa watoto wote. Hakujua Kiluhya, na mama yangu hakujua Kikipsigis. Mama alitoa mikate miwili kati ya ile ya kukhu, ndivyo tumwitavyo nyanya kwetu, akampa. Walicheka pamoja, sijui walicheka nini.

Miaka michache baadaye, Desemba ya 1992, tulipita tena upande ule. Ulikuwa mwaka wa vita vya kikabila, na uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa siku chache mbele. Tuliona nyumba zilizochomwa, kuta zimesimama bila mabati. Ndani ya basi watu walianza kusema maneno makali juu ya kabila fulani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba hakubishana na mtu. Alituinamia sisi watoto akasema kwa sauti ya chini, "Mnamkumbuka yule mama wa chai? Yeye hakuchoma nyumba ya mtu." Ni hayo tu. Nimeyatumia maneno hayo katika kazi yangu mara nyingi kuliko mambo mengi niliyofundishwa chuoni.

3. Kwa nini mtoto hukumbuka safari?

Tuchambue mfano huo. Kuna mambo manne.

Kwanza, safari si siku ya kawaida. Siku za kawaida hufanana, kwa hiyo huchanganyika na kusahaulika. Siku yenye mambo mapya, harufu mpya na baridi mpya hukaa kichwani peke yake.

Pili, njiani mzazi yupo. Hana kazi ya kukimbilia, hana jikoni, hana rafiki wa kwenda kuonana naye. Kwa saa kumi mtoto anaye baba na mama karibu. Kuna watoto ambao hawapati saa kumi za namna hiyo kwa mwaka mzima.

Tatu, jambo linalozungumzwa ndilo linalobaki. Wanaosoma habari za watoto wanakubaliana kwamba mtoto hukumbuka vizuri zaidi yale ambayo mtu mzima aliyaongea pamoja naye, kwa kumwuliza na kumsikiliza. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu kwa kawaida hatabaki na kumbukumbu ya safari yenyewe akiwa mtu mzima. Lakini ukimsimulia baadaye, "Wewe ulilia tulipofika Kericho," hadithi inakuwa yake.

Nne, barabara zetu hupita katika nchi za watu wengi. Anayetoka Nairobi kwenda Busia hupita kwa Wakikuyu, kwa Wamaasai akishuka bondeni, kwa Wakalenjin, kwa Waluo, ndipo afike kwa Waluhya. Anayekwenda Mombasa hupita kwa Wakamba na Wataita kabla ya kufika kwa Wamijikenda. Mtoto aliyenunuliwa njegere na mama wa Kinungi, au aliyepewa chai Londiani, ana uso wa mtu wa kumkumbuka. Akija mtu kumwambia kwamba watu wa mahali fulani wote ni wabaya, anao ushahidi wake. Asiyeujua uso hata mmoja hudanganywa kwa urahisi.

4. Ni nini kinachotuzuia siku hizi?

(a) Nauli. Hili ni la kweli, si kisingizio. Familia ya watu watano hulipa nauli ya kwenda na ya kurudi, na karibu na Krismasi bei hupanda sana.

(b) Aibu ya kwenda mikono mitupu. Wazazi wengine wanaogopa kwamba wakifika kijijini kila mtu atawangojea kwa mkono wazi. Kwa hiyo hutuma pesa kidogo kwa simu na kubaki mjini. Pesa zinafika, lakini mtoto hafiki.

(c) Kukosana na jamaa. Shamba halijagawanywa, ama mke hakubaliwi, ama ndugu wawili hawasemezani. Watoto wanalipia ugomvi ambao hawaujui.

(d) Simu. Watoto wanaweza kusafiri kutoka Nairobi hadi Kisumu wakiangalia kioo kidogo mkononi, na wazazi vile vile. Mlima unapita, ziwa linapita, na hakuna aliyeuliza swali.

(e) Wengine hawana "nyumbani" pa kwenda. Kuna waliozaliwa mjini na wazazi waliozaliwa mjini. Kuna mama anayelea peke yake, na upande wa baba haumtambui mtoto. Kuna waliofukuzwa mashambani mwao katika ghasia za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Kwa hao neno "nyumbani" lina kidonda, tusiwasukume.

Matokeo yake tunayaona sisi tunaotembelea familia. Kuna mtoto wa miaka kumi na minne ambaye safari yake ya kwanza ya kwenda kwao ni nyuma ya gari lililobeba jeneza la nyanya. Anafika usiku, watu wanalia, hajui jina la mtu yeyote, haelewi lugha inayosemwa. Kesho yake anaambiwa asimame na wajukuu wenzake mbele ya kaburi la mtu ambaye hakuwahi kula naye. Keshokutwa anarudi mjini. Mtoto huyo ameijua barabara ya kwao, lakini ameijua kama barabara ya mauti. Nyanya naye alingoja "mwaka ujao" ambao haukufika.

Tukumbuke pia mwaka wa 2020. Kuanzia tarehe 6 Aprili serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi kwa sababu ya korona, na kizuizi hicho hakikuondolewa mpaka mwezi wa Julai. Kwa miezi mitatu hata mwenye nauli mfukoni hakuweza kwenda. Wengi waliona wakati huo kwamba barabara iliyo wazi si kitu cha kuchezea.

5. Tufanye nini? Mpango wa familia

Kabla ya safari

Anzeni akiba mapema. Shilingi 150 kila juma, kwa majuma 40, ni shilingi 6,000. Watieni watoto ndani ya mpango huo, hata kama ni kuhesabu sarafu tu. Chama cha akina mama chaweza kufanya mzunguko mmoja wa mwaka uwe wa nauli peke yake.

Si lazima safari iwe juma la Krismasi. Likizo ya Agosti, ama siku chache baada ya shule kufungwa, nauli huwa nafuu na magari hayana msongamano. Nyanya hatauliza kalenda.

Mwambieni mapema yule mnayemwendea, tena waziwazi: "Tunaleta watoto, hatuleti mali." Wazee wengi watafurahi kuliko mnavyofikiria.

Wasiokuwa na shamba wachague mzee mmoja, popote alipo. Anaweza kuwa mjomba Thika, mama mdogo Voi, ama jirani wa zamani aliyemlea mama. Anaweza kuwa hata mwalimu wa baba. Mtoto anahitaji mtu wa kumwendea na njia ya kufika kwake. Hati ya shamba si sharti.

Njiani

Usalama kwanza. Barabara hii ninayoisifu imeua wengi. Pale Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Hapo karibu, Migaa, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana na watu 36 wakapoteza maisha. Kwa hiyo:
- Safirini mchana. Mtoto ataona nchi, na dereva ataona barabara.
- Kila mtu afunge mkanda. Tangu masharti ya waziri Michuki yaanze kutekelezwa Februari 2004, mikanda ni sheria katika matatu na mabasi, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa.
- Mtoto aliyeweza kukaa peke yake alipiwe kiti chake. Mapaja ya mama hayamshiki mtoto gari likigonga.
- Dereva akikimbiza gari, semeni. Mmoja akisema atachekwa, lakini abiria kumi wakisema atapunguza.
- Mkiona lori la mafuta limeanguka, nendeni mbali nalo.

Baada ya hayo, wekeni simu mfukoni kwa sehemu ya safari. Mpeni kila mtoto kazi: mmoja ahesabu mito, mwingine asome majina ya miji, mwingine ashike chakula na kugawa. Baba asimulie jambo moja ambalo halijawahi kusimuliwa. Mama naye asimulie lake. Mkisimama mahali, nunueni kitu kidogo kwa mtu wa hapo na mmsalimie kwa lugha yake. "Chamgei" ama "Misawa" haigharimu kitu.

Mkifika

Msiwaache watoto wakae peke yao kama wageni wa mjini. Waende kuchota maji na binamu zao, waambiwe nani ni nani, waonyeshwe makaburi ya wazee wakati ambapo hakuna anayelia. Mwombeni nyanya awafundishe jambo moja kwa mikono yake.

Mkirudi

Ongeeni juu ya safari wakati wa chakula, hata mara tatu, hata mara nne. Kila mtoto achore ama aandike jambo moja, na karatasi hizo zihifadhiwe. Mpigieni simu mzee mliyemtembelea, na mtoto aongee naye mwenyewe.

6. Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Mwongozaji asiharakishe. Watu wakae wawili wawili kwa swali la kwanza, kisha warudi katika kikundi kizima.

1. Kumbuka safari moja uliyofanya na wazazi wako ukiwa mtoto. Mlipitia wapi? Ni maneno gani ya mzazi unayoyakumbuka mpaka leo?
2. Watoto wako wanaweza kutaja miji mingapi iliyo kati ya hapa na kwenu? Je, wanajua jina la nyanya yao, si lile la "nyanya" tu?
3. Kati ya vizuizi (a) hadi (e), ni kipi kilicho kizito kwako? Ni kipi ambacho ni cha pesa kweli, na ni kipi ambacho ni cha moyo?
4. Njiani tulisikia maneno gani kuhusu makabila mengine tukiwa watoto? Tunawaambia watoto wetu nini tukipita mahali hapo hapo?
5. Katika kikundi chetu kuna mtu asiye na pa kwenda? Nani atamchukua yeye na watoto wake kama wageni wake mwaka huu?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano unaofuata: Kila familia iandike katika karatasi jina la mzee mmoja ambaye watoto hawajamwona kwa mwaka mmoja ama zaidi, nauli ya kufika kwake, na tarehe. Tarehe isiachwe wazi. Katibu wa kikundi azikusanye karatasi hizo, na mwezi wa Januari zisomwe tena ili tuone ni ngapi zilizotimia, na kwa zile ambazo hazikutimia, ni msaada gani uliokosekana.